Jiwe Kabla ya Salamu

Kwenye mchezo wetu, ukikuta kitanda kimetandikwa vizuri ndani ya pango, usikilalie. Kirushie jiwe kwanza. Kikiwa kitanda, jiwe litadunda na kuanguka. Kikiwa zimwi lililojigeuza kitanda, litashtuka, shuka litajikunja, na chini ya mto utaona meno. Hiyo ndiyo sheria yetu kubwa, na aliyeitunga ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye kazi yake ni kupekua mikoba ya watu mlangoni mwa benki. Mwanamke huyo hata umpe mkate, anaumega katikati aone ndani kuna nini.

Tunacheza Jumapili alasiri katika duka la mama mkwe wangu, ambaye ni dobi. Mimi nafanya kazi hapo hapo, napiga pasi. Siku hiyo tunafunga milango ya mbele, tunabaki na mlango wa uchochoroni, tunaivuta meza ya pasi katikati na kuizungushia viti. Nguo za wateja zinabaki zimening'inia kotekote, makoti na magauni ndani ya mifuko ya plastiki, na feni ikizipuliza zinageuka geuka kama watu wanaotaka kusikia.

Mchezo wenyewe uliletwa na mteja. Mama hajawahi kuloweka nguo bila kukagua mifuko na mikunjo, na siku moja katikati ya mashati machafu alikuta boksi. Ndani mlikuwa na kete za ajabu, mojawapo ina nyuso ishirini, na kitabu chenye picha za mazimwi. Akaliweka kando, akamngoja mwenyewe. Mwenyewe hakurudi, hata mashati hakuyafuata. Baadaye sana mume wangu, anayeendesha lori la maji na ndiyo maana tunamwita Tangi, akalifungua boksi. Kitabu kilikuwa cha lugha ya wenyewe. Alichokielewa alitufafanulia, asichokielewa tukajitungia. Mama akawa msimulizi. Yeye ndiye anayesema mbele yetu kuna mto au mlango, na yeye peke yake ndiye anayejua kipi ni kitu na kipi ni zimwi. Sisi tunasema tunafanya nini, kete zinaamua tumeweza au tumeshindwa.

Usiku wetu wa kwanza pangoni, kitanda kilimmeza shujaa wa Tangi mzima mzima na viatu vyake. Wifi alikasirika kana kwamba amemezwa ndugu yake kweli. Tangu hapo, jiwe kwanza. Tunaweka kokoto moja halisi mezani, na anayerusha anaitupa kwenye kisahani. Sanduku, kiti, mlango, mbuyu, vyote vimeshapigwa. Tumenusurika mara nyingi, siwezi kusema uongo. Tatizo ni kwamba wifi akitoka pale mezani anaondoka na jiwe lake.

Mimi nalijua jiwe hilo. Nilipochumbiwa, wifi alikuja kwetu na uso wa huruma akanieleza kwamba ndugu yake ana mtoto mahali fulani anayemficha. Nililia mpaka macho yakavimba. Nilipomwambia Tangi kwamba na mtoto nitamlea, wifi alinikumbatia akicheka. "Nilikuwa nakupima tu, wifi yangu. Umefaulu!" Watu wote wakacheka. Nami nikacheka nao, na mpaka leo kicheko kile kinanikera.

Sasa nije kwa Fundi Saa. Huyu ni mzee wa makamo, mjane, ana kibanda cha kutengeneza saa jirani na kituo cha posta. Alileta koti lifuliwe, Mama akakuta mfukoni saa ya mteja wake iliyopotea, akampelekea Fundi kibandani kwa miguu. Koti lile lilianza kuchafuka kila wiki. Nimepiga pasi makoti mengi, nakwambia, na koti la mtu anayekaa kwenye kibanda kutwa nzima halichafuki hivyo.

Mwishowe Mama akamkaribisha mezani. Kila mtu katika mchezo ana mtu wake: Tangi ni shujaa mwenye panga, wifi ni mwizi mstaafu, mimi ni mganga. Fundi Saa alipoulizwa anataka kuwa nani, akauliza kwanza ni kazi gani haina mwenyewe. Tukamwambia hakuna anayependa kubeba taa, kwa sababu mbeba taa mikono yake imejaa, hawezi kupigana. "Basi mimi mbeba taa," akasema. Mama aliinamisha uso kwenye kete zake, lakini nilimwona akitabasamu.

Wifi hakutabasamu. "Mtu anayekubali kila kitu," aliniambia jikoni siku hiyo, "huyo ana jambo. Hali sana. Hasemi sana. Anakaa pale pale alipowekwa. Kitanda kilichotandikwa, wifi!"

"Au ni mtu mwenye adabu," nikamjibu. "Umewasahau walivyo?"

Jumapili ninayoisimulia, asubuhi, mimi na Mama tulikuwa tunakunja mashuka ya nyumba ya wageni. Shuka kubwa linahitaji watu wawili: mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena. Tulipokutana mara ya kwanza Mama akasema, "Fundi ameniomba tuoane." Tukaachana. Tulipokutana tena akasema, "Leo nitamjibu, mbele yenu wote. Usimwambie mtu."

"Utamjibu nini, Mama?"

"Vuta shuka, mwanangu." Lakini shuka lile tulilikunja vibaya ikabidi turudie. Amekaa na upweke kwa muda mrefu, mama yule, akifua nguo za waume wa watu. Nilitamani alasiri ifike upesi.

Alasiri ikafika, Fundi Saa hakufika.

Si kawaida yake. Mtu wa saa hachelewi, na huyu kiatu chake cha kulia kinalia kwi, kwi, kwi tangu kona ya uchochoro, kwa hiyo tunamjua kabla hajabisha hodi. Mama alipanga kete zake, akazipangua. Alisimamisha kipande cha katoni ya sabuni anachojifichia mambo yake ya msimulizi, kikaanguka, akakisimamisha tena. Kila feni ilipotikisa plastiki alitazama mlango.

Nikaenda jikoni kuchukua chai. Wifi akanifuata, macho yanamng'aa.

"Haji," akaninong'oneza. "Nilijua. Nimemrushia jiwe."

Birika lilinielemea ghafla. "Jiwe gani?"

"Jumanne nilipita kibandani kwake. Nikamwambia, baba, wewe ni mtu mzima, nisikufiche. Mama macho yake yanakwisha. Daktari amesema atapofuka. Basi. Koleo likamdondoka. Na tangu siku hiyo kimya. Umeona? Zimwi limeguswa, limekimbia."

"Wewe una wazimu!"

"Punguza sauti. Bora akimbie leo kuliko kesho. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo zenyewe nazipiga pasi mimi, nazijua! Nenda kamwambie Mama sasa hivi."

"Ngoja kwanza. Akija, sawa. Asipokuja, Mama ataumia mara moja tu, yataisha." Alisema hivyo kwa upole, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu anampenda mama yake na anaamini kabisa kwamba alikuwa anamlinda.

Nikamwambia kwamba Fundi asipotokea kufikia mapumziko ya mchezo, nitasema mwenyewe. Kisha nikarudi mezani na chai, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Una mchwa kwenye kiti?" Tangi akaniuliza.

"Cheza mchezo wako."

Mama alisafisha koo. "Haya. Mnatoka msituni, jua limezama. Mbeba taa hayupo. Mko gizani."

"Tumngoje basi," Tangi akasema, asiyejua lolote. "Bila taa tutakanyagana."

"Kama hayupo hayupo," wifi akasema. "Twende."

Mama alimtazama bintiye kidogo, akaendelea. Sauti yake haikuwa ya siku zote. Kwa kawaida Mama akisimulia hata nguo zinasikiliza. Siku hiyo alikuwa anaruka maneno, anasahau mto uko upande gani, anamrejesha shujaa mahali alipokwisha kupita. Kete zikianguka kwenye blanketi la meza ya pasi hazilii, unaziona tu zimelala, na ukimya ule ulinipandisha presha. Nilikuwa nahesabu sentensi. Nikisema sasa, nitamvunja moyo mbele ya wanawe. Nisiposema, anaendelea kutazama mlango. Mganga wangu aliulizwa mara mbili anafanya nini, na mara zote mbili nilijibu, "Anangoja."

"Mnaona nyumba," Mama akasema. "Mlango uko wazi. Ndani kuna moto, na kando ya moto amekaa mwanamke wa makamo. Anachambua pamba. Anawaambia, karibuni, njia ni ndefu, kaeni mpumzike."

Wifi akainuka nusu kitini. "Peke yake? Porini? Na mlango wazi?"

"Peke yake."

"Anakaribisha watu asiowajua?"

"Anawakaribisha."

"Zimwi," wifi akasema, mkono tayari uko kwenye kokoto. "Zimwi wazi wazi. Narusha."

"Dada, subiri, msalimie kwanza," Tangi akasema.

"Tukiwa tumboni ndiyo tutasalimia?" Kokoto ikalia kwenye kisahani, akairusha na kete yake. Ilikuwa namba kubwa. Alishangilia.

Mama aliitazama kete ile kwa muda. Nilimwona anaamua jambo.

"Limempata kwenye paji la uso," akasema. "Pamba imemwagika. Ameanguka kando ya moto."

"Sasa atabadilika. Shikeni silaha."

"Habadiliki."

"Atabadilika, Mama, wengine huchelewa."

"Anavuja damu. Anauliza amewakosea nini."

Feni iligeuza makoti yote upande wetu. Tumerusha mawe mengi sana katika meza ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza jiwe likimpata mtu inakuwaje, kwa sababu Mama alikuwa anatupangia mazimwi kila mahali kutufurahisha.

"Lakini si haki!" wifi akasema. "Dalili zote zilikuwepo!"

"Dalili za nini?" Mama akauliza. "Alikuwa ameacha mlango wazi kwa sababu alikuwa anamngoja mtu."

Hapo nikashindwa. Nikaweka kikombe chini, nikasema, "Mama, kuna jambo." Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga na mimi, kwa nguvu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nilipoisikia kwi, kwi, kwi kutoka uchochoroni, inakuja mbio.

Fundi Saa aliingia bila kungoja jibu la hodi. Kola yake ilikuwa na doa la gundi, macho yamemwiva kwa kutolala. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufutia vioo.

"Nisameheni," akasema. "Gundi ilikataa kukauka." Hakukaa. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Mama. "Bi Dobi, nakuomba ufumbe macho."

Mama, uso wote umemchanua, akafumba. Fundi akakunjua kitambaa, akamwekea kiganjani kete ya mti mweusi, kubwa kama ndimu, yenye nyuso ishirini. Kila uso ulikuwa umebandikwa vipande vya shaba vidogo vidogo, vya aina anavyotumia kwenye saa.

"Pitisha kidole. Kijiti ni tano, nukta ni moja."

Kidole cha Mama kikatembea taratibu. "Tano, kumi, kumi na tano... kumi na saba."

"Umeona?" Fundi alikuwa anacheka. "Utaendelea kusimulia. Hata siku ile ikifika huoni kabisa, hakuna atakayekudanganya kwenye kete. Na nyumbani nitakufungia kamba kutoka chumbani hadi jikoni, nazijua hizo kazi. Usiogope kitu."

Mama akafumbua macho. "Siku ipi ikifika?"

Tabasamu la Fundi likapungua. Akamgeukia wifi, kama mtu anayeomba asaidiwe. "Mwambie basi kwamba ulishanieleza. Nimekwishajua, hakuna haja ya kunificha."

"Ulimweleza nini?" Mama akauliza. "Nakuuliza wewe, mwanangu."

Wifi akasimama. "Mama, nilikuwa nampima tu. Nilimwambia macho yako... kwamba daktari amesema..." Kisha, Mungu wangu, uso wake ukachangamka, akamnyoshea Fundi mikono miwili. "Lakini umefaulu, baba! Kweli, umefaulu!"

"Nyamaza!" nikapiga kelele. Kilitoka kifuani kwangu kile kicheko cha miaka yote, na hakikuwa kicheko.

Fundi Saa alimwuliza Mama swali moja tu. "Macho ni mazima?"

"Mazima kabisa."

"Mungu mkubwa," akasema, akakaa kwenye kiti chake, akafunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika. Tukadhani ni furaha, na kwa dakika ya kwanza huenda ilikuwa furaha. Alipoinua uso, ilikuwa imekwisha.

"Marehemu mke wangu alipofuka," akasema. "Yalikwenda taratibu, jicho hili, halafu hili. Mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka nikamzika. Jumanne nilipoambiwa, nilifunga kibanda. Nilijiuliza, naweza tena? Ndani ya nyumba ile ile, kamba zile zile? Siku nzima nilijibu siwezi. Usiku nikajibu naweza, ndipo nikatafuta mti wa kuchonga." Akasimama, akaurudisha mkono uliokuwa unataka kugusa bega la Mama. "Kumbe nilikuwa mlangoni mwa benki, napekuliwa. Mimi si saa, mwanangu, ya kufunguliwa mgongo kutazamwa inaendaje. Kete ibaki. Kwaherini."

Akatoka kwa adabu, akaurudishia mlango taratibu usije ukagonga. Kwi, kwi, kwi, sasa polepole, ikielekea kona.

"Mama, nimfuate?" wifi akasema, machozi yanamtiririka. Sikuwahi kumwona akilia. "Nitampigia magoti."

"Keti," Mama akasema. "Ukienda wewe utamrushia lingine."

Akasimama. Mama hajawahi kuondoka kwenye kiti cha msimulizi mchezo ukiwa katikati, hata siku bomba lilipopasuka alitutuma sisi. Sasa aliuangusha ule ukuta wake wa katoni kwa kiwiko, hakuuokota. Akatoka na ndala za kufulia na aproni yenye madoa ya buluu, kete ya mti mweusi ameishika ngumini.

Tukabaki watatu tukisikiliza. Kiatu kililia mbali kidogo. Sauti ya Mama ikaita, "Fundi!" Kiatu hakikusimama. Akaita tena, "Fundi!" Kikaendelea. Halafu akaita jina lake. Jina halisi, ambalo wote pale hatukulijua, alilitamka kama neno analolitumia kila siku. Kiatu kikanyamaza.

"Kimenyamaza," wifi akasema, amenishika mkono. "Wifi, maana yake nini?"

"Sijui."

"Atarudi?"

"Sijui! Hakuna wa kurusha kete hapa. Nenda kachemshe chai nyingine. Vikombe vitano."

Nilitegemea aniulize vitano vya nini. Hakuuliza. Alikwenda, akarudi navyo kwenye sinia vikigongana, akaweka cha tano mbele ya kiti cha mbeba taa, akakifuta kiti chenyewe kwa upindo wa kanga. Kokoto ilikuwa bado kwenye kisahani. Aliitazama, akaiacha.

"Yule mwanamke wa pamba," Tangi akasema kwa sauti ndogo, "mganga wako hawezi kumtibu?"

"Anaweza. Lakini msimulizi hayupo."

Tukakaa tunatazama mlango. Chai ikaanza kufanya utando juu. Ndipo kiatu kilipoanza kulia tena huko uchochoroni, kwi, na kando yake nikasikia ndala za Mama, tap, kwi, tap, kwa mwendo mmoja. Kilikuwa kinakuja au kinakwenda, kwa kweli hatukuweza kutofautisha. Wifi aliinuka, akaufungua mlango wote, akaupachikia kiti usijifunge.